Maneno Mawili Kwenye Kadi ya Kliniki

Kadi ilikuwa imechakaa, imekunjwa mara nne na kutunzwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vidonge. Mwenye kadi, mama wa miaka hamsini na kitu anayepika chapati na maharage jirani na kituo cha daladala, alikaa mbele yangu akingoja neno. Nikaisoma kuanzia juu. Sukari 12, metformin, afanye mazoezi. Sukari 13, dozi iongezwe, afanye mazoezi. Sukari 11, dawa ile ile, afanye mazoezi. Mahudhurio saba, maneno mawili yale yale mara saba, na katika hizo saba mwandiko wa nne ulikuwa wangu.

"Mama, mazoezi unafanya?"

"Nafanya, daktari."

"Yapi?"

Akainama, akacheka kidogo. "Si nasimama kutwa jikoni?"

Hakuwa anadanganya. Tulikuwa tumemwamuru jambo kwa zaidi ya mwaka bila kumwambia ni jambo gani. Hakuna dawa nyingine tunayoiandika hivyo. Hakuna daktari anayeandika "anywe dawa" akamrudisha mgonjwa nyumbani. Tunataja jina, uzito wa kidonge, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya kula. Mgonjwa naye hulichukulia kwa uzito huo huo, kiasi cha kurudi mlangoni kuuliza: nikisahau cha asubuhi, usiku nimeze viwili? Kuhusu mazoezi sijawahi kuulizwa swali la namna hiyo. Huwezi kusahau dozi ambayo hukupewa.

Mwaka 2011 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa watafiti wa Brazil waliokusanya majaribio 47, yenye wagonjwa zaidi ya 8,500 wa kisukari aina ya pili. Walitazama HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kwa wagonjwa waliopangiwa mazoezi ya ratiba na kusimamiwa, kipimo kilishuka kwa wastani wa 0.67, tuseme mtu aliyekuwa 8.5 anafika karibu 7.8. Ni kiasi ambacho baadhi ya vidonge hukifikia kwa taabu. Waliozidisha dakika 150 kwa wiki walishuka kwa 0.89, na waliobaki chini ya hapo walishuka kwa 0.36. Je, wale walioambiwa tu kwamba mazoezi ni mazuri? Ushauri peke yake, bila hata mpango wa chakula pembeni, haukuonyesha mabadiliko yoyote ya maana.

Nilipousoma uchambuzi ule mara ya kwanza nilifikiria kadi zote nilizowahi kuziandika. Maneno yangu mawili hayakuwa matibabu. Yalikuwa ni mimi kujitoa lawamani: sukari ikikataa kushuka, si nilimwambia?

Kinachotokea mwilini ni chepesi kueleweka kwa yeyote aliyekulia nyumba yenye mlango wa mbele na mlango wa uani. Sukari iliyo kwenye damu inataka kuingia ndani ya msuli, na kwa kawaida insulini ndiyo inayobisha hodi mlango wa mbele. Kwa mwenye kisukari aina ya pili komeo la mlango huo limekuwa gumu. Insulini inabisha, hata kwa nguvu, na sukari inabaki barazani. Msuli unapofanya kazi, yaani unapojikunja na kujikunjua, unafungua mlango wa uani wenyewe bila kungoja insulini. Vibeba sukari vinavyoitwa GLUT4 vinapanda juu ya ukuta wa seli na kuivuta sukari ndani. Baada ya mtu kupumzika, hata mlango wa mbele unabaki mwepesi kuliko mwanzo kwa siku moja hadi tatu, kisha unarudia ugumu wake.

Siku moja hadi tatu tu. Hapo ndipo wataalamu walipopata ile kanuni ya kutopitisha siku mbili mfululizo bila kujishughulisha. Na hapo ndipo nipatapo mashaka yangu kuhusu namna tunavyohamasishana. Mwishoni mwa 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawa siku ya watu kutoka. Zanzibar nayo huufungua mwaka, tarehe 1 Januari, kwa siku ya mazoezi ya viungo. Nimewahi kushiriki na nilifurahi: fulana mpya, muziki, viongozi wakitokwa jasho kama sisi. Ni sherehe njema na inaondoa aibu ya mtu mzima kuonekana anakimbia barabarani. Lakini kwa msuli wa mgonjwa wa kisukari, Jumamosi moja kwa mwezi ni sawa na kumeza kidonge kimoja kwa mwezi.

Watu wetu wanalaumiwa uvivu, na mimi sikubaliani. Mwaka 1989 Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walichapisha matokeo ya vipimo vya watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6 vya Tanzania: wenye kisukari walikuwa chini ya asilimia 1. Miaka kumi na moja baadaye ukachapishwa utafiti mwingine uliolinganisha mtaa wa Ilala, Dar es Salaam, na kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Mjini walikaribia asilimia 6, kijijini hawakufika 2. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 ukakuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Umri uliopimwa haulingani, kwa hiyo takwimu hizi haziwezi kupangwa kama ngazi, lakini mwelekeo wake haufichiki.

Utafiti unaonigusa zaidi ni ule uliochapishwa 2010, ambao uliwafuata watu wapatao 200 kutoka vijiji vya Morogoro wakati wakihamia Dar es Salaam. Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wakifanya shughuli za nguvu. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki kama robo. Wanawake walishuka kutoka zaidi ya theluthi hadi chini ya 2 kati ya 10, na wote, wake kwa waume, waliongezeka zaidi ya kilo mbili. Hakuna aliyeamka asubuhi akaamua kuwa mvivu. Jembe lilibaki Morogoro. Mjini bodaboda inakufuata hadi mlangoni, kazi ni ya kukaa kwenye genge au nyuma ya cherehani, na njia ya miguu kando ya barabara imejaa meza za wauza viatu. Sina hamu ya kumrudisha mama yeyote kisimani na ndoo kichwani. Nasema tu kwamba zamani mwili ulipata dozi yake bila mtu kuiandika, na sasa haipati mpaka iandikwe.

Turudi kwa mama wa chapati. Kusimama kutwa ni kazi, miguu inauma kweli jioni, lakini kuna tofauti ya kuchoka na kuutumia msuli. Anakanda unga, anasukuma, anageuza, mikono inakwenda. Mapaja na makalio, ambayo ndiyo misuli mikubwa inayokula sukari nyingi, yamesimama wima kama nguzo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wa 2020, linamtaka mtu mzima, akiwamo mwenye kisukari, afikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na siku mbili au zaidi za kazi ya nguvu kwa misuli. Mwendo wa wastani una kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu: unaweza kuongea na mwenzako lakini huwezi kuimba. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Zile hatua 10,000 wanazohesabu watu kwenye simu zilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani 1965. Haikuwa amri ya daktari, kwa hiyo asiyezifikia asijione amefeli.

Dakika 150 zinatisha zikitajwa zote kwa mpigo. Zigawe. Na hapa sayansi imetupa zawadi ambayo sijui kwa nini hatuitangazi zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Dunedin, New Zealand, waliwachukua watu wazima 41 wenye kisukari aina ya pili, wakawaambia kwa kipindi kimoja watembee dakika 30 kwa siku wakati wowote wapendao, na kwa kipindi kingine watembee dakika 10 baada ya kila mlo. Jumla ya dakika ni ile ile. Walipotembea baada ya kula, sukari ya baada ya milo ilikuwa chini kwa asilimia 12. Baada ya chakula cha usiku pekee, ilikuwa chini kwa asilimia 22.

Chakula cha usiku ndicho kilichonifanya nikae sawa kitini. Hebu tazama nyumba zetu nyingi. Asubuhi chai na kitafunwa, mchana chochote kilichopatikana, halafu saa mbili au saa tatu usiku sinia linatua: wali wa nazi au ugali wenye kima cha ngumi mbili. Baada ya hapo ni tamthilia, kisha kitandani. Sukari inapanda saa ile ile mwili unapolala. Kama ningeruhusiwa kuagiza dakika 10 tu kwa siku kwa kila mgonjwa wangu, ningeagiza hizo za baada ya chakula cha usiku.

"Nitembee wapi usiku huo, daktari?" mama aliniuliza nilipomweleza, na swali lilikuwa la haki. Mtaa wao hauna taa. Kuna mbwa, kuna vibaka, na mwanamke wa umri wake akionekana anazungukazunguka saa tatu usiku, asubuhi mtaa mzima utakuwa na maelezo yake. Nikamwomba anichoree nyumba anayokaa. Ni nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande, korido katikati, mlango wa mbele na mlango wa uani. Yeye na mumewe wamepanga chumba kimoja. Nikamuuliza korido ina hatua ngapi. Hakujua, lakini alirudi na jibu mwezi uliofuata: kumi na sita, ukikwepa mtungi wa gesi wa mpangaji wa chumba cha pili.

Korido ya hatua kumi na sita inatosha. Mtu akienda na kurudi bila kukimbia, kwa dakika 10 anapata karibu hatua elfu moja. Kwa aliyebanwa zaidi, aliye kwenye chumba kisicho na korido, kuna kutembea mahali pale pale kama askari anayepiga kwata bila kusonga mbele. Watafiti wa Australia waliochapisha kazi yao mwaka huo huo wa 2016 waliwakalisha watu 24 wenye kisukari siku nzima, wakawa wanawainua kila nusu saa kwa dakika 3 za kutembea polepole, au za kuchuchumaa nusu na kusimama kwa vidole. Dakika 3 hizo zilishusha sukari na insulini ya baada ya mlo kwa kiwango kinachoonekana. Fundi cherehani anaweza kufanya hivyo. Karani wa benki anaweza, akivumilia utani wa wenzake kwa wiki ya kwanza.

Siku zile mbili za kazi ya nguvu nazo zisiachwe kwa vijana wa kubeba vyuma. Mwaka 2007 watafiti wa Kanada waliwagawa wagonjwa 251: wa kutembea na baiskeli, wa kuinua uzito, wa kufanya vyote viwili, na wasiofanya. Kila njia ilisaidia, ila waliochanganya waliwazidi wenzao. Nyumbani uzito haukosekani. Chupa mbili za maji za lita moja na nusu ni kilo tatu. Kuinuka kwenye kiti bila kushika popote, mara kumi, pumzika, mara kumi tena, ni kazi ambayo wagonjwa wangu wa miaka sitini huidharau mpaka wafike ya saba. Anza na chache, ongeza mbili kila wiki.

Sasa nifike kwenye miguu, na hapa nina deni.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini katika hospitali moja ya mkoani, nilimhimiza mzee mmoja mstaafu atembee kila asubuhi. Nilikuwa na hamasa ya kijana aliyetoka kusoma. Mzee alikuwa mtiifu kuliko wagonjwa wote niliowahi kuwa nao. Akaenda mnadani, akachagua raba za mtumba, nzuri, za jina kubwa, namba moja pungufu ya mguu wake. Zilimtosha, alisema. Zilimtosha kwa sababu mguu wake haukuwa na uwezo tena wa kumwambia kwamba zimembana. Akatembea wiki tatu. Siku aliyorudi kliniki aliingia akitembea vizuri kabisa, hachechemei, na kutochechemea kwake ndiko kulikopaswa kunishtua, kwani mkewe alikuwa amemleta kwa sababu ya soksi iliyolowa. Kidole cha mwisho kilikuwa kimeoza upande. Hatukuweza kukiokoa. Mimi niliyemwagiza atembee sikuwa nimewahi hata mara moja kumwambia avue viatu.

Baadaye nilisikia kwamba kwenye benchi la kliniki mzee yule alikuwa akiwaonya wenzake kuwa mazoezi yanakata vidole. Sikuwa na la kumjibu.

Kufa ganzi kwa miguu ya mwenye kisukari si jambo la kusimuliwa tu. Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala, wasijue hadi walipoona jeraha. Mguu usiosikia meno ya panya hauwezi kusikia kokoto ndani ya kiatu. Kwa hiyo siku hizi agizo langu la kutembea linaanza kwa kuvua viatu, na jamaa wa nyumbani nawafundisha kipimo kisichohitaji kifaa. Mgonjwa afumbe macho. Umguse kwa ncha ya kidole chako, wepesi, sekunde moja au mbili, bila kubonyeza, kwenye kidole gumba cha mguu, kile cha katikati na kile cha mwisho, miguu yote miwili. Ni miguso sita. Kila anapohisi aseme. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua, na kabla ya kuanza kutembea sana aonwe kliniki.

Viatu navyo. Weka mguu juu ya kipande cha boksi, uchore unyayo, ukikate, ukiingize ndani ya kiatu. Kikijikunja pembeni, kiatu hicho hakifai hata kiwe cha bei gani. Nunua jioni, mguu ukiwa umeshavimba kwa shughuli za siku. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa, pitisha mkono ndani. Kandambili ni za bafuni. Mwenye kidonda kilicho wazi asitembee kwa ajili ya mazoezi kabisa. Afanye akiwa amekaa, mikono na mabega, na hilo pia ni mazoezi.

Jambo la pili linalowatia watu hofu na kuwakatisha ni sukari kushuka. Anayetumia metformin peke yake hana sababu kubwa ya kuogopa. Anayetumia insulini, au vidonge vya glibenclamide ambavyo ni bei nafuu na vimeenea sana kwetu, anayo. Mtu anameza kidonge alfajiri, hajala, anatoka kutembea ili amalize kabla ya jua kali. Njiani anatetemeka, jasho la baridi, moyo unakwenda mbio, na waliomzunguka wanadhani amelewa. Kama ana kipimo, sukari ikiwa chini ya 5 kabla ya kuanza, ale kitu kwanza. Mfukoni awe na sukari: vijiko vitatu vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, kisha akae robo saa na kupima tena. Ikimtokea zaidi ya mara moja, asiache mazoezi, amrudie daktari apunguze dawa. Nimewaona wengi wanaoacha mazoezi ili kuilinda dozi ya kidonge, na daktari anafurahia dozi isiyobadilika. Kwa upande wa pili, mwenye sukari iliyozidi 14 huku anatapika au anajisikia vibaya apumzike na kuwahi hospitali. Maumivu ya kifua hayana mjadala. Mwenye ugonjwa mkali wa macho aulize kabla ya kuinua vitu vizito.

Kwa wanaofunga Ramadhani, na huku Pwani ni wengi, mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unaihesabu tarawehe kuwa sehemu ya mazoezi ya siku: kusimama, kurukuu, kusujudu, kuinuka, rakaa baada ya rakaa, na tena ni baada ya kufuturu. Kutembea kwa nguvu saa moja kabla ya magharibi ndiko kwa kuepukwa. Watoto wenye kisukari aina ya kwanza wana shida yao nyingine: walimu huwaweka chini ya mti wakati wenzao wako kwenye mchakamchaka. Mtoto yule anahitaji biskuti mfukoni na mwalimu anayejua dalili. Kivuli cha mti hakimtibu.

Yako mengine ambayo kadi haina nafasi yake. Mwanamke akianza kupungua, wifi na majirani wataanza kuuliza anaumwa nini, na kwa kizazi kilichoyaona ya Ukimwi swali hilo linajulikana lina maana gani. Nimekuwa na mgonjwa aliyeacha kutembea kwa sababu hiyo tu. Siku hizi namwita mume au binti aje kliniki asikie kwa masikio yake. Pia siahidi kwamba kutembea kutampunguza mtu kilo nyingi, maana kwa kawaida hakumpunguzi sana kama sahani haijabadilika, na anayepewa ahadi ya mizani huacha mizani inapokataa. Hata faida nyingine tusizitie chumvi. Marekani walifanya jaribio kubwa, Look AHEAD, la watu 5,145 wenye kisukari na uzito mkubwa. Nusu yao walipewa mpango mzito wa chakula na mazoezi kwa miaka karibu kumi. Lilisimamishwa 2012 kwa sababu mashambulizi ya moyo na kiharusi hayakuwa yamepungua kuliko kwa wenzao. Wenye kupenda kukata tamaa hulitaja sana. Wanasahau kutaja kwamba waliopewa mpango huo walihitaji dawa chache zaidi na waliendelea kutembea na kupanda ngazi vizuri zaidi uzeeni. Kwa mama anayeishi kwa kusimama jikoni, miguu inayofanya kazi akiwa na miaka sabini si faida ndogo.

Wenzangu wataniuliza muda wa kuandika haya yote unatoka wapi, wakati foleni ina watu themanini na kila mmoja ana dakika tatu. Muda upo, umekaa kwenye benchi. Wagonjwa wanafika saa kumi na mbili asubuhi, hawajala, wanatobolewa kidole, wanakunywa chai waliyobeba kwenye chupa, kisha wanakaa. Saa tatu, saa nne. Sijui sehemu nyingine nchini ambako wenye kisukari wengi namna ile hukaa pamoja muda mrefu bila kufanya lolote. Katika kliniki tuliyojaribu kuutumia muda huo, nesi mmoja mwenye sauti alikuwa anawainua baada ya chai: simama, kaa, simama, kaa, kisha kuzunguka jengo mara mbili, wenye vidonda wakifanya ya mikono. Robo saa. Siku moja tulimpima mama wa chapati kabla na baada: 13.8, kisha 11.2. Nilimwambia wazi kwamba kipimo kimoja hakithibitishi kitu, huenda ingeshuka yenyewe kidogo. Hakunisikiliza. Alikuwa anamwonyesha mwenzake wa pembeni kile kikaratasi.

Kadi yake mpya niliiandika hivi, na ilinichukua nusu dakika zaidi ya zamani: kutembea korido, dakika 10, baada ya chakula cha usiku, siku 5 kwa wiki, viatu vya kufunika vidole, kuinuka kitini mara 10, Jumatatu na Alhamisi, mjukuu akague miguu. Mwezi uliofuata alikuwa amefanya siku tatu kwa wiki badala ya tano. Wapangaji walimuuliza amepoteza nini koridoni. Umeme ulikatika mara mbili, akatembea kwa tochi ya simu, akaupiga teke mtungi wa gesi, wakagombana na mwenyewe, wakapatana, ukahamishiwa uani. Nikayaandika, nikamkunjia kadi. Akaiweka kwenye mfuko wa nailoni, akafika mlangoni, akageuka.

"Daktari, nikisahau ya usiku, asubuhi nitembee mara mbili?"